Maharage ya Kiambatisho cha Saba

Wiki iliyopita wenzangu wa ofisini waliniaga kwa keki, saa ya ukutani na ombi. Keki tuliimaliza siku ile ile. Saa nimeitundika sebuleni kwangu Bunju, ingawa sasa hakuna mahali ninapochelewa. Ombi lilikuwa niwaandikie vijana wanaoanza kazi yale niliyoyaona, "kwa kifupi, mama, kurasa mbili tatu tu." Kazi yetu ni utafiti wa soko. Tunawauliza watu maswali kwa niaba ya wafanyabiashara wanaotaka kujua waamue nini, au, mara nyingi zaidi, wanaotaka kuambiwa kwamba walichokwisha kuamua ni sahihi. Nimeifanya tangu nikiwa binti mwenye viatu vya visigino visivyofaa mchanga wa Mbagala mpaka nimekuwa bibi mwenye raba. Vyeo nilivyopanda sitavitaja. Vilikuwa vichache, na vyote vilikuja na kiti kile kile.

Nilitoka Tukuyu baada ya kumaliza kidato cha sita, nikafikia kwa shangazi yangu Kinondoni. Ofisi ilikuwa mtaa wa pili kutoka kwake, juu ya duka la vitambaa. Mwenye ofisi alikuwa Bwana Mohsin, mtu mpole wa familia ya wafanyabiashara Wahindi wa hapa hapa mjini, ambaye hakuwahi kupaza sauti wala kutamka neno "hapana" mbele ya mteja. Alinisaili kwa swali moja: kama naweza kutembea. Nikasema naweza. Nikapewa dodoso, yaani zile karatasi za maswali, ubao wa kuandikia wenye kibanio, kalamu mbili, barua ya kujitambulisha kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mfuko wa vipande vya sabuni vya kumshukuru kila atakayekubali kuhojiwa. Halafu nikakabidhiwa kwa Bi Salma.

Bi Salma alikuwa msimamizi wa wahojaji. Mwanamke wa Temeke, mrefu, asiye na haraka, mwenye mwavuli mweusi alioufungua jua likiwaka na mvua ikinyesha. Siku ya kwanza alinipeleka Mbagala kuuliza habari za majani ya chai. Nilimkuta mama mmoja anafua uani kwake, nikamwamkia, nikaanza kumwaga maswali kama mtu anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Anakunywa chai? Ndiyo. Kila siku? Kila siku. Majani ya aina hii? Hayo hayo. Anayapenda? Sana. Angewashauri majirani? Tena sana. Nilimaliza dodoso zima kabla hajamaliza kukamua shuka, nikageuka kumtazama Bi Salma nikitegemea sifa.

Yeye alivuta ndoo tupu, akaifudikiza, akaikalia. Akamuuliza yule mama hali ya watoto, maji ya bomba yanatoka siku zipi, sabuni ipi inatoa povu na ipi inakula mikono. Kisha, kama mtu anayepitisha muda tu, akamuuliza asubuhi ile walikunywa chai na nini.

"Leo hatujanywa chai," mama akajibu. "Sie hapa tunakunywaga uji. Chai haipatani na mie, inanipa kiungulia."

Tulipotoka nilimuuliza Bi Salma kwa nini mama yule amenidanganya. Alinishangaa. Akasema hakunidanganya, alinikirimu. Mgeni kaja jasho linamtiririka, kabeba makaratasi, anaonekana anayapenda mno hayo majani ya chai. Nilitaka amvunje moyo uani kwake?

"Atu," akaniambia, maana jina langu la Atupele aliliona refu, "usimuulize mtu atafanya nini, wala anapenda nini. Muulize jana alifanya nini, halafu omba uone jikoni."

Baada ya hapo nimehudhuria semina nyingi, nyingine kwenye hoteli zenye maji ya chupa kwa kila kiti, na wataalamu wenye shahada wamenionyesha michoro ya duara na ya mishale. Hakuna aliyenipa kitu cha kuzidi hicho. Tofauti ni kwamba Bi Salma hakutugawia mabegi.

Miguu ilipomchosha, alistaafu, nami nikaachiwa wahojaji wake. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba adui wa utafiti si mama anayekirimu wageni, ni mhojaji anayepika majibu. Enzi za karatasi walipikia nyumbani. Unapokea madodoso ya mtaa mzima wa Temeke, unakuta kila kaya ina watoto wanne, kila baba ni fundi, na kila mke anaitwa Asha. Zilipokuja tableti, Bwana Mohsin alifurahi sana, maana kila mahojiano yalikuwa yanajiandika kwenye ramani yamefanyikia wapi. Mara ya kwanza tulipoifungua ramani ile tuliona kwamba kaya zote za Kinondoni tulizohoji zilikuwa zinaishi ndani ya baa moja ya nyama choma. Nilikwenda kuwatembelea. Wahojaji wangu watatu walikuwa kwenye meza ya kona, wanasaidiana kukumbuka majina ya kike.

Kulikuwa pia na washiriki wa kudumu. Ukiitisha majadiliano ya kikundi, yaani wanawake wanane wanakaa mezani wanazungumzia mafuta ya kupikia, kuna dada mmoja ambaye lazima aje. Mwezi wa mafuta alikuwa mama wa mapacha. Mwezi wa benki alikuwa mwanafunzi wa chuo. Tulipofanya utafiti wa bima alikuwa mjane, na alilia vizuri kiasi kwamba mteja aliyekuwa anasikiliza chumba cha pili aliomba maneno yake yawekwe kwenye tangazo. Nilipomuuliza pembeni, aliniambia bila kuona haya kwamba yeye anajitahidi kuwa mtu tunayemtafuta. Ukifikiria vizuri, hata sisi ofisini tulikuwa tunafanya hivyo hivyo.

Sasa nifike kwenye maharage, maana hayo ndiyo yaliyonifanya nikubali kuandika.

Alikuja ofisini kijana mmoja aitwaye Gervas, meneja masoko wa kampuni ya nafaka yenye kiwanda Temeke. Kampuni ilikuwa ya Mama Aika, mwanamke wa Rombo aliyeanza kwa kuuza magunia ya maharage na sasa alikuwa na bodi, dereva na meza ndefu ya mikutano. Kiwandani kwake kulikuwa na wanawake wengi wanaochambua maharage kwa mkono, wanatoa mawe na yaliyooza, kisha yanafungwa yakiwa makavu. Gervas alikuwa na wazo jipya. Wanawake wa Dar hawana muda, alisema, na mkaa unateketea saa nzima kabla maharage hayajaiva. Kwa hiyo kampuni itauza maharage yaliyokwisha kupikwa, kwenye pakiti, na mashine itachambua, itapika na kufunga yenyewe. Alitaka tuwaulize watu wa Mbagala na wa Bunju kama watanunua.

Nilimuuliza uamuzi utafanyika lini, ili nipange siku za kazi. Hilo ni swali la kawaida; utafiti hupangwa kwa kuanzia mwisho, unajua kwanza mtu anataka kuamua nini na kwa tarehe ipi. Gervas alitabasamu. Akasema mashine imeshafika bandarini.

"Sasa sisi tunatafiti nini?" nikamuuliza.

"Bodi inahitaji kujiamini, mama," akasema.

Bwana Mohsin aliandika neno hilo kwenye karatasi yake, "kujiamini", akalipigia mstari. Lengo la utafiti likawa limepatikana.

Dodoso alilileta Gervas mwenyewe. Swali la kwanza lilikuwa hivi: je, ungependa kuokoa muda jikoni na kuwa karibu zaidi na familia yako? Nilimwambia Bwana Mohsin kwamba hakuna mtu atakayesema hapana, labda mwenye ugomvi na familia. Akanijibu kwa upole kwamba mteja amelipenda. Nikaomba kitu kimoja tu: kila kaya tuiachie pakiti tatu, na baada ya wiki nirudi mimi mwenyewe kuona zimekuwaje. Bwana Mohsin akakubali, kwa sharti nisiite jambo hilo uchunguzi. Tukaliita ziara ya shukrani.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri kuliko harusi. Karibu kila mtu alisema atanunua. Wengine walisema watanunua kila siku, na mama mmoja wa Mbagala alisema anasikitika bidhaa hii haikuwepo alipokuwa mwali. Gervas alikuwa anapiga simu kila siku saa kumi jioni kuuliza namba zimefikaje, na kila akisikia alicheka kama mtu aliyepata mtoto.

Baada ya wiki nilirudi. Bunju, mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa ameziweka pakiti zake kwenye kabati la vioo, katikati ya vikombe vya wageni, zimepangwa kwa kimo. Jirani yake alizipeleka hospitali alipokwenda kumwona mgonjwa, na mgonjwa akazirudisha nyumbani. Mbagala, yule mama aliyetaja siku zake za mwali alinikaribisha jikoni kwa furaha. Alikuwa amefungua pakiti zote tatu, akayaosha maharage mpaka mchuzi wake wote ukatoka, akayachemsha upya, akayaunga kwa nazi. Nilimkumbusha kwamba alisema yanaokoa muda. Akasema ndiyo, yanaokoa sana, ila kwanza inabidi uyaoshe. Kaya nyingine zilikuwa zimetoa zawadi, zimelisha mbwa, au zinangoja siku nitakayokuja ili tule pamoja.

Na karibu kila nyumba ya Mbagala niliona kitu ambacho dodoso la Gervas halikuwa na swali lake. Bakuli la maharage yaliyochemshwa, lenye mfuniko. Wanawake wale kweli hawakuwa na muda wala mkaa wa kuchemshia. Gervas hilo alilipatia. Lakini walikuwa wameshapata dawa yake zamani. Kila mtaa ulikuwa na mwanamke anayechemsha sufuria kubwa mlangoni kwake, na majirani walikuja na bakuli wakapimiwa kwa upawa. Walimjua anayewapikia, waliona maji anayotumia, na nazi waliweka wenyewe.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Husna. Kwenye dodoso alikuwa amesifu kuliko wote. Nilimkuta chumbani kwake anakunja nguo, na pakiti zote tatu zilikuwa uvunguni mwa kitanda, hazijaguswa, juu ya gazeti. Nilipomwambia nimekuja kushukuru tu, alifunga mlango, akaniuliza kama nimetumwa na kiwanda.

Kumbe alikuwa mchambuaji wa maharage kule kule kwa Mama Aika, miaka mingi. Dodoso lina swali la mchujo pale mwanzoni, linauliza kama wewe au ndugu yako anafanya kazi kwenye kampuni ya chakula. Ukisema ndiyo, mhojaji anakushukuru na kuondoka. Mhojaji wangu alikuwa ameliruka swali lile ili awahi. Mama Husna aliona pakiti zina nembo ya kazini kwake, akajua anapimwa.

"Nikisema mabaya, wataniona msaliti," akaniambia. "Nikisema mazuri, inakuja mashine, na mie sina kazi. Sasa dada, wewe ungejibu nini?"

Nilimwambia sikutumwa na kiwanda, na kwamba nitaandika ninachokiona. Akanitazama akaona nasema kweli, akaniletea kikombe cha maji. Nilitoka pale nikiwa na uhakika nimefanya kazi yangu.

Niliandika sura nzima. Niliandika kuhusu kabati la vioo, maharage yaliyooshwa, na wanawake wa sufuria. Niliandika kwa maneno mafupi kwamba watu wanasema watanunua kwa sababu tumewauliza, na kwamba hawatanunua. Ilikuwa mwezi wa Muharram; Bwana Mohsin alikuwa anavaa nyeusi na kuondoka mapema kwenda kwenye majlisi za maombolezo, na niliamini hatakuwa na muda wa kuhariri. Alikuwa nao. Alinirudishia ripoti ikiwa na michoro mizuri ya walio tayari kununua, na pale nilipoandika "hawatanunua" palisomeka "upo mwanya wa kuendelea kujenga mazoea ya matumizi". Nilimuuliza sura yangu iko wapi. Akasema hajaondoa hata neno moja, ameihamisha tu.

Alikuwa ameihamishia kwenye kiambatisho cha saba. Kiambatisho cha sita kilikuwa orodha ya mitaa tuliyopita. Cha nane kilikuwa nakala ya barua ya mwenyekiti. Kama kuna mtu amewahi kusoma kiambatisho cha saba cha ripoti yoyote hapa nchini, mimi sijamfahamu.

Siku ya kuwasilisha tulikaa kwenye ile meza ndefu. Gervas alisimama na projekta yake, akaonyesha picha ya familia inayocheka na sahani. Kila mchoro ulipanda. Wajumbe wa bodi walitikisa vichwa kukubali kwa pamoja. Mama Aika hakutikisa. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani ya kusomea, na muda wote alikuwa anageuza kalamu yake mezani. Gervas alipomaliza, yeye akatutazama sisi tuliofanya kazi.

"Kuna lolote jingine ninalopaswa kulijua?" akauliza.

Bwana Mohsin alinitazama. Gervas alinitazama. Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma, na mbele yangu palikuwa na ripoti imefungwa kwa waya wa dhahabu. Nimewasimulia vijana wengi habari za mhojaji aliyepikia baa, na nimewachekesha nayo. Hili sijawahi kumsimulia mtu.

"Mengine yapo kwenye viambatisho, mama," nikasema.

Akashukuru, na mkutano ukafungwa kwa sambusa.

Mashine ilifungwa kiwandani. Wachambuaji walipewa barua za kuachishwa kazi na kanga. Uzinduzi ulifanyika Mbagala, kwa muziki wa singeli, spika kubwa na vijana wanaoruka na pakiti mikononi, na watu walijaa kwa sababu ilikuwa burudani ya bure. Madukani pakiti zilipangwa mbele, halafu katikati, halafu nyuma karibu na dawa za panya. Kabla mwaka haujapinduka mara ya pili wenye maduka walikuwa wanazirudisha kiwandani zikiwa zimefura. Gervas hakuwepo kuziona. Alikuwa ameshachukuliwa na kampuni kubwa zaidi, kwa sababu ya ule utafiti uliofanikiwa.

Ndipo kampuni ilipotupigia simu. Walitaka utafiti wa kubaini kwa nini bidhaa haikuuzika. Bwana Mohsin aliweka simu chini, akaniangalia. Wote wawili tulijua jibu lilikuwa kabatini, rafu ya chini. Nilimwambia nitaifanya kazi hiyo, ila nitaiwasilisha mwenyewe, bila slaidi. Alikohoa, akarekebisha kalamu zake kwenye kikombe. Mwisho akasema, "Sawa, Atupele," na kwa kawaida yake ile ilikuwa sawa na kuvunja meza.

Nilikwenda Mbagala peke yangu, mlangoni kwa Mama Husna. Palikuwa na sufuria mbili kubwa, benchi, na foleni ya wanawake wenye bakuli. Alikuwa amegeuka mchemshaji. Maharage yake yalikuwa safi kuliko ya mtaa mzima, maana mikono yake ilikuwa imechambua kwa miaka na haikupitwa na jiwe. Aliniona, akaendelea kuwapimia watu, akaniacha nimesimama mpaka foleni ilipokwisha. Niliona ni haki yake.

Aliponiketisha alinisimulia bila lawama, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Barua ilipotoka, Husna, binti yake, hakwenda shule muhula mzima. Yeye mwenyewe alianza na sufuria ya kuazima. Sasa mtoto amerudi shule na sufuria ni zake. Akaniuliza kama wale mabosi waliisoma ile habari niliyosema nitaiandika. Nilimwambia niliiandika, lakini nilipoulizwa nilinyamaza. Aliinama akachochea mkaa. Baadaye akasema hata yeye alikuwa amenisifia zile pakiti wakati ziko uvunguni, kwa hiyo tusameheane. Akanipakulia.

Wiki iliyofuata niliingia kwenye chumba cha mikutano na ripoti ile ile ya zamani. Niliifungua kiambatisho cha saba, nikakisoma kwa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakuna aliyenikatiza. Nilipofika kwenye maharage yaliyooshwa mjumbe mmoja alicheka, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Mama Aika alivua miwani, akaomba aione ile karatasi. Alitazama tarehe. Akatafuta jina langu chini yake.

"Hii uliiandika kabla hatujafunga mashine," akasema.

"Ndiyo, mama. Niliiandika."

"Kuandika uliandika. Kuniambia hukuniambia. Nami nilikuuliza."

Niliomba radhi. Bwana Mohsin akasema, kwa sauti ndogo sana, kwamba kosa la kuihamisha lilikuwa lake. Mama Aika alifunga ripoti, akaita dereva, akaniambia nimpeleke Mbagala sasa hivi.

Tulifika wakati foleni imeanza kupungua. Mama Aika aliketi kwenye benchi kama mteja mwingine yeyote, akapewa sahani na kijiko, akala. Akaomba aongezewe. Aliokota punje moja, akaitazama juu chini, kama alivyokuwa akifanya pengine enzi zake za magunia, akauliza nani anachambua. Mama Husna akasema anachambua mwenyewe, na kwamba alijifunzia kiwandani. Akataja kiwanda. Alikuwa amemtambua mgeni wake tangu aliposhuka kwenye gari. Mama Aika hakumtambua hata kidogo. Miaka yote ile mmoja alikuwa juu na mwingine chini, na hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Nakiri Mama Aika alifanya jambo ambalo wakubwa wengi hawaliwezi. Alisimama, akamwomba msamaha mbele ya majirani, bila kupamba maneno. Kisha akamwambia anataka arudi kiwandani, si kuchambua bali kuwasimamia wachambuaji, maana mashine anaiuza na wanawake atawarudisha.

Mama Husna alijifuta mikono kwenye kanga. Alimtazama, akatazama sufuria zake.

"Nashukuru sana, mama," akasema. "Nimefurahi kwa kweli. Nitafikiria."

Tukaagana vizuri. Ndani ya gari Mama Aika alikuwa mtu mwingine. Alimwambia dereva apunguze redio, akanieleza jinsi atakavyompangia Mama Husna ofisi ndogo karibu na mizani, akaniambia niandike kwenye ripoti kwamba amekubali na ataanza Jumatatu. Nilikuwa nimeshafungua daftari. Kalamu ilikuwa mkononi.

"Mama," nikamwambia, "amekataa."

Akanigeukia. Akasema amesikia kwa masikio yake mwenyewe kwamba atafikiria. Nikamwambia ndiyo, na maana yake ni hapana. Alichosema ni cha kukusindikiza wewe mpaka kwenye gari.

Mama Aika alitazama dirishani, maduka ya Kilwa Road yakipita, mpaka nikadhani nimeshafukuzwa. Tulipofika Mtoni, bado uso ukiwa dirishani, akaniuliza, "Kwa nini?"

Nilikuwa nimeulizwa mengi na wateja mpaka siku ile. Hilo lilikuwa la kwanza ambalo mwenye kuuliza hakuja nalo pamoja na jibu lake. Nikafunga daftari, nikaanza kumweleza.